Nimeacha dawa ya sonona, sasa kichwa kinapiga shoti: je, ugonjwa umerudi?

Assalaam aleikum, mama yetu wa safu hii,

Nakuandikia kutoka Langoni, Lamu. Mtoto amelala na mkubwa yuko chuo cha Kurani, ndiyo nafasi yangu. Kila ninayemweleza haya hunijibu kabla sijamaliza, kwa hiyo nimeona bora niandike.

Nina watoto wawili. Wa kwanza ana miaka sita na nilipomzaa sikuona shida yoyote. Huyu wa pili, msichana, ana mwaka na mwezi mmoja. Arobaini yangu ilikwenda vizuri, wallahi. Mamangu alikuja kutoka Faza akakaa nami, nikakandwa, nikaogeshwa maji ya moto, nikalishwa, na mtoto akawa anapokezanwa na wanawake wa nyumba hata sikujua uchovu ni nini. Shida ilianza mama alipokwisha kurudi kwao na mume wangu amerudi baharini. Nikawa sipati usingizi hata mtoto akiwa amelala. Chakula kikawa hakinipiti kooni. Namtazama mwanangu sioni kitu moyoni, kisha najiona mimi ndiye mama mwovu kuliko wote Lamu.

Mavyaa yangu alisema ni kijicho, maana mtoto alikuwa mnono na watu walimsifu sana siku tulipotoka arobaini. Nikasomewa, nikanywa kombe. Nilitulia siku chache, hali ikarudi. Mwisho dada yangu aliyeko Mombasa akaniita kwake, na daktari wa huko akanieleza kwamba ni sonona ya baada ya kujifungua. Akanianzishia setralini miligramu 50, halafu akapandisha hadi 100. Mtoto alikuwa wa miezi minne. Wiki za kwanza sikuona kitu ila kichefuchefu. Halafu polepole nikaanza kuwa mtu. Mtoto alipofika miezi saba nilikuwa napika, nacheka, nakwenda harusi, namwimbia mwanangu.

Nilipojiona mzima nikajiuliza dawa ya nini tena. Na maneno nyumbani hayakwisha. Wifi yangu aliiona pakiti kabatini akaenda kuuliza kwenye duka la dawa, na tangu siku hiyo nasikia minong'ono kwamba mke wa fulani anameza dawa za wendawazimu. Mavyaa anasema namnyonyesha mtoto sumu, eti ndiyo sababu hajatembea. Ramadhani nayo iko mbele na nataka kufunga. Isitoshe, dawa zenyewe huletwa na basi kutoka Mombasa hadi Mokowe, kisha mtu anivushie. Zikichelewa, nakaa bila.

Kwa hiyo nikapunguza mwenyewe. Nilitoka 100 hadi 50 kwa wiki mbili, sikuona tofauti kubwa, nikafurahi. Jirani mmoja aliyewahi kutumia dawa za aina hii akanishauri niwe naruka, nimeze leo, kesho niache. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wiki iliyopita nikaacha kabisa. Sasa kichwa kinapiga shoti, hasa nikigeuza macho ghafla. Nina kizunguzungu hadi nashika ukuta nikishuka ngazi. Ndoto mbaya kila usiku. Nalia bila sababu. Juzi mwanangu mkubwa alimwaga maji, nikampigia kelele hadi akajificha nyuma ya mlango, na mpaka sasa roho inaniuma. Na usiku mmoja likanijia wazo kwamba wanangu wangekuwa salama zaidi bila mimi. Lilipita, wala sina nia ya kufanya lolote, lakini limenitisha.

Wifi anasema jini amerudi. Mume wangu anavua upande wa Kiwayu, huja nyumbani siku chache kwa mwezi, na hata akija haongei. Namweleza, ananyamaza.

Niambie, mama. Ugonjwa umerudi? Nirudie dawa, au nivumilie mpaka mwili uzoee? Maziwa yangu yanamdhuru mtoto kweli? Au ndiyo nishakuwa mtu wa dawa maisha?

Mama wa Watoto Wawili, Langoni


Waaleikum salaam, mwanangu.

Mimi si daktari, na nitakurudisha kwa daktari zaidi ya mara moja katika majibu haya. Lakini nimekaa na wazazi wengi waliopita ulipopita, na barua yako nimeisoma neno kwa neno.

Naanza na lile wazo la usiku. Umesema lilipita, nami nakuamini. Hata hivyo usilale nalo peke yako tena. Leo hii mpigie mamako Faza au dada yako Mombasa, umwambie kwa maneno yaleyale uliyoniandikia, bila kuyapunguza makali. Mwombe mmoja wao aje alale nawe. Wazo likirudi na kukaa, au likianza kukuonyesha njia, hiyo ni dharura kama kutokwa na damu baada ya kuzaa: mtu akupeleke hospitali ya kaunti ya King Fahd, hapo hapo mjini, iwe mchana au usiku wa manane. Kuna pia nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, haina malipo, na anayepokea amefunzwa kusikiliza mambo haya haya. Nenda pia siku hiyo hiyo ukiona unakesha usiku baada ya usiku bila kuhisi uchovu, ukisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au ukianza kuamini kwamba mtoto si wako au kwamba umeamriwa jambo juu yake. Hali hiyo huwapata wachache, kama mmoja au wawili kwa kila wazazi 1,000, lakini haingoji kesho.

Najua kwa nini wanawake wetu hulificha wazo hili. Wanaogopa kunyang'anywa watoto, na wanaogopa polisi. Kuwaza hakujawahi kuwa kosa. Hata lile jaribio la kujiua, ambalo sheria yetu ililihesabu kuwa jinai tangu enzi za ukoloni, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho, cha 226 cha Sheria ya Adhabu, kinakiuka Katiba. Anayekuja hospitali na wazo kama lako ni mgonjwa anayetaka kupona, na ndivyo anavyostahili kupokewa.

Sasa swali lako. Ugonjwa umerudi?

Hebu tuisome barua yako pamoja. Ulipougua mara ya kwanza uliniambia usingizi ulikataa, chakula kilikataa, na ulimtazama mtoto usione kitu moyoni. Hukutaja shoti kichwani. Hukutaja kizunguzungu. Safari hii umetaja shoti zinazokuja ukigeuza macho, kizunguzungu na ndoto mbaya, na yote yalianza siku chache baada ya kuruka dawa, yakazidi ulipoacha. Halafu umempigia mwanao kelele, na roho inakuuma mpaka leo. Mwanamke aliyekuwa haoni kitu moyoni hakuniandikia hivyo.

Shoti za kichwani si dalili ya sonona. Ni dalili inayojulikana sana ya dawa za jamii hii kupunguzwa haraka kuliko mwili unavyoweza kufuata. Machozi na hasira vinaweza kutoka upande wowote, na ndiyo maana watu huchanganyikiwa, pamoja na baadhi ya wahudumu wa afya. Kinachosaidia kutofautisha ni wakati na mwendo. Dalili za kupunguza dawa huja upesi, ndani ya siku chache, zikiwa na mambo ya mwili ambayo hayakuwepo mwanzo, na mara nyingi hutulia haraka kipimo kikirudishwa. Sonona ikirudi huja polepole, kwa wiki au miezi, kwa sura ileile uliyoijua, na dawa ikirudishwa huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Kwa nilivyosoma, sehemu kubwa ya unayoyaona ni mwili ulionyang'anywa kitu ulichokwisha kukizoea. Sehemu nyingine inaweza kuwa huzuni yenyewe inachungulia tena. Hilo la pili sitalipima kwa barua, atalipima daktari akikuona.

Kwa hiyo usivumilie. Kuvumilia hakukupi thawabu wala afya hapa. Mpigie daktari aliyekuandikia dawa, leo au kesho asubuhi, umweleze tarehe na vipimo kama ulivyonieleza mimi, na umuulize kuhusu kurudi kwenye kipimo cha mwisho ulichokuwa nacho vizuri. Kwa hesabu ya barua yako ni miligramu 50 kila siku, kabla hujaanza kuruka. Usirukie 100 kwa hofu. Na usijitulize kwa tembe za usingizi za dukani, wala usimeze dawa kali za maumivu kama tramadoli bila kumwambia anayekutibu, kwa sababu ikikutana na setralini huweza kuleta hatari. Asipopatikana wa Mombasa, nenda King Fahd na pakiti yako mkononi. Huna haja ya kuanza hadithi yote upya, waonyeshe jina la dawa na siku uliyoacha.

Kuna jambo limekushangaza, nalo ndilo linaloangusha wengi: mbona kutoka 100 hadi 50 kulikuwa kwepesi, na huku chini kumekuwa kugumu? Dawa hii huzuia serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe ubongoni, isirudishwe upesi ndani ya seli za neva. Kipimo kidogo tu kinafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na ukiongeza juu yake unachopata ni kidogo kidogo. Ndiyo sababu kutoa 50 za juu hukuona kitu, lakini 25 za mwisho ubongo unazihisi sana. Fikiria ngazi ambayo vidato vya juu ni vifupi na vya chini ni virefu: anayeshuka kwa mwendo mmoja huanguka karibu na sakafu. Mwaka 2019 Mark Horowitz na David Taylor walilieleza jambo hili katika jarida la The Lancet Psychiatry, na mwaka uliofuata chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Uingereza kikatoa mwongozo kwa wagonjwa wa kupunguza kwa hatua zinazozidi kuwa ndogo kadiri unavyokaribia mwisho. Zamani watu waliambiwa wiki mbili au nne zinatosha. Kwa wengine zinatosha kweli. Kwa wengine inachukua miezi, na hakuna aibu ndani yake.

Jirani yako alikutakia mema, lakini kuruka siku hakufai kwa setralini. Baada ya takriban siku moja nusu yake imeshatoka mwilini, kwa hiyo ukimeza leo na kuacha kesho unaupandisha na kuushusha mwili kila baada ya siku moja. Pengine yeye alitumia fluoksetini, ambayo hukaa mwilini kwa siku nyingi na hujipunguza yenyewe taratibu. Dawa ya mwenzio si yako hata kama ni ya ugonjwa mmoja.

Ukishatulia, na nasema kutulia kwa wiki kadhaa, si siku mbili, ndipo mzungumze na daktari kama wakati wa kupunguza umefika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mgonjwa afikirie kuacha akiwa amekaa miezi 9 hadi 12 bila dalili, au na dalili ndogo sana, na akiwa anafanya shughuli zake za kawaida muda huo wote. Wewe ulipata nafuu mtoto akiwa wa miezi saba. Kwa maoni yangu ulianza mapema, na ulianzishwa na maneno ya watu zaidi ya afya yako. Wakati ukifika, muulize daktari kuhusu hatua ndogo: tembe za miligramu 50 zenye mstari katikati hukatika nusu, na kwa kifaa cha kukatia tembe hata robo, kwa hiyo mnaweza kushuka robo kwa robo, mkikaa wiki kadhaa katika kila hatua, na kuzidisha upole mkifika chini kabisa. Dalili zikibisha hodi, unabaki hapo ulipo. Kama dawa yako ni ya vidonge vya ganda, usivifungue, uliza kwanza.

Na usianze hatua yoyote kama hakuna dawa ya mwezi mzima ndani ya nyumba. Wewe ni mtu wa kisiwani, unajua basi linavyochelewa na bahari ya kusi inavyoamua safari za watu. Omba uandikiwe ya miezi miwili au mitatu kwa pamoja, na waulize wafamasia wa hapo mjini kama wanaweza kukuagizia, upunguze kutegemea mzigo wa Mokowe.

Ukiwa hospitali omba pia upimwe damu na tezi ya shingo, ile ya thairoidi. Ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kuzaa tezi hiyo huweza kuvurugika, ikaleta uchovu, moyo kwenda mbio na huzuni inayofanana sana na sonona. Upungufu wa damu nao humchosha mzazi hadi akadhani ni roho. Ni vipimo vya kawaida, na mara nyingi hakuna anayekumbuka kuviomba.

Sasa nataka kusema jambo ambalo halimo katika maswali yako, lakini ndilo nililolitafakari zaidi niliposoma barua.

Arobaini yako ilikwenda vizuri. Ulikandwa, ukalishwa, mtoto akapokezanwa, mamako alikuwa chumbani. Kisha ikaisha, kila mtu akarudi kwake, na ukaanza kuugua. Sisi watu wa pwani tuna hazina kubwa katika arobaini, sijaona mahali pengine mzazi anapotunzwa hivyo. Lakini tumeifanya kama deni linalolipwa likaisha: siku ya 41 mwanamke anahesabiwa mzima, anakabidhiwa ndoo na sufuria, na akilegea anaulizwa ana nini. Sonona ya uzazi haijui kuhesabu arobaini. Huweza kuanza wakati wowote katika mwaka ule wa kwanza, na kupunguza dawa ni kipindi kingine ambacho mwili na roho viko wazi.

Kwa hiyo naomba ujiombee arobaini ya pili. Nasema kwa dhati. Mwambie mamako kwamba daktari akikubali uanze kupunguza, utahitaji mtu nyumbani katika siku kumi au zaidi baada ya kila hatua, kwa kazi moja kubwa kuliko zote: usingizi wako wa usiku. Mtoto wa mwaka mmoja anakula, anaweza kulala na nyanya yake chumba cha pili na kuletwa kwako alfajiri anyonye. Ukipata saa tano au sita za usingizi usiokatika, nusu ya hasira zako utaziona zimeondoka zenyewe. Mkandaji aje tena akukande mgongo na miguu. Hakuna sheria inayosema kukandwa ni kwa mwezi wa kwanza tu. Uji uletwe. Mashoga wawili unaowaamini, wasio wa kupeleka maneno, waambie ukweli, uwape zamu: mmoja akupitie jioni mtembee ufukoni mkielekea Shela jua likishapungua, mwingine amchukue mkubwa acheze na wanawe. Siku ambazo hutaki kutoka ndizo hasa uwaambie wakuvute. Usingoje hamu ije kwanza. Kwa ugonjwa huu mtu hutoka bila hamu, na hamu humkuta njiani.

Hili si wazo langu la barazani tu. Huko Pakistan wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wa kawaida waliofunzwa, waliwatembelea wazazi wenye sonona nyumbani, wakazungumza nao juu ya nafsi zao, watoto wao na watu waliowazunguka. Matokeo yalitangazwa 2008: wengi zaidi walipona kuliko wale waliotembelewa bila mazungumzo hayo. Shirika la Afya Duniani limeufanya mpango huo kuwa kitabu cha mafunzo cha kutumika nchi nyingine. Katika mtaa wenu kuna mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba. Mkaribishe ndani, asiishie kumpima mtoto na kuondoka.

Na maziwa. Setralini ni miongoni mwa dawa za sonona ambazo madaktari huzipendelea zaidi kwa mama anayenyonyesha, kwa sababu inayopita kwenye maziwa ni kidogo mno, chini sana ya ile asilimia 10 ya kipimo cha mama ambayo huchukuliwa kuwa mpaka wa tahadhari. Mtoto mchanga akiwa na usingizi kupita kiasi au akikataa kunyonya, mpeleke aonwe. Wako ana mwaka, anakula mbaazi na wali, na umesema mwenyewe alikuwa mnono. Ama kutotembea, mwambie mavyaa yako kwa adabu kwamba vipimo vya Shirika la Afya Duniani vinaonyesha watoto wazima huanza kutembea peke yao popote kati ya miezi minane na kumi na saba na nusu. Mjukuu wake wa miezi 13 hajachelewa. Akienda kliniki, nesi atamthibitishia.

Kuhusu Ramadhani: anayenyonyesha na anayeugua wamepewa ruhusa, na masheikh wetu wanaijua. Lakini ukiwa mzima wa kufunga, dawa hii humezwa mara moja kwa siku, unaweza kuimeza kwa futari au daku, kwa hiyo saumu peke yake si sababu ya kuiacha. Ninachokuomba ni usipange kupunguza ndani ya mwezi ambao watu hulala vipande vipande.

Usomewe, mwanangu, kama unapata utulivu. Kombe halijakukataza kumeza tembe. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia tiba, na tiba hiyo ni pamoja na iliyoanza kukutoa kwenye giza mtoto akiwa wa miezi minne. Ila miti shamba ya kunywa ambayo hujui imechanganywa nini, iache kwa sasa. Wifi yako si lazima akuelewe. Dawa zako zifungie pahali pasipofunguliwa na mtu, na akikuuliza mwambie unatibiwa, basi.

Mtu wa dawa maisha? Wengi huacha, wakaacha salama. Wachache hushauriwa wakae nayo zaidi, hasa iwapo sonona imewarudia mara kadhaa, na wanalea, wanafanya biashara, wanacheza harusini kama wengine. Unachohitaji kukumbuka ni mimba ijayo, inshallah ikija: iambie kliniki mapema kwamba uliwahi kuugua hivi, kwa sababu aliyeugua mara moja ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuugua tena, na usikatishe dawa ghafla siku utakayojua una mimba.

Mwanao mkubwa mwite, umkalishe karibu. Mwambie siku ile mama alikuwa anaumwa, kwamba kumwaga maji si kosa kubwa, na kwamba kuumwa kwa mama hakukusababishwa naye. Mtoto wa miaka sita akinyamaziwa hujitungia sababu zake.

Mumeo akishuka kutoka Kiwayu mpe asome kuanzia hapa, kwa maana haya ni yake.

Baba wa watoto, mkeo hakukulalamikia wewe katika barua hii, alisema tu kwamba anakueleza nawe unanyamaza. Yawezekana unanyamaza kwa sababu hujui la kujibu. Hahitaji jibu. Anahitaji uende naye kwa daktari uketi kwenye kiti cha pili, usikie mpango wa dawa kwa masikio yako, ili mamako na dadako wakisema, wewe ndiye uwajibu, si yeye. Mwombe nahodha wako akupange uwe nchi kavu siku za mwanzo za kila hatua, kama unavyokuwepo mtoto anapozaliwa. Usiku ukiwa nyumbani, mtoto akilia, amka wewe kwanza. Kila ukiwa mbali na simu ikishika, muulize mambo mawili: umelala saa ngapi, na lile wazo limerudi? Akikujibu limerudi, usimwambie asali tu au alale. Mpigie mamake au ndugu yako aliye karibu aende nyumbani saa hiyo hiyo ampeleke King Fahd, nawe ufanye njia ya kurudi.